Usukani wa baiskeli na sisi tunaovaa miwani

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie suala la sisi tunaovaa miwani na baiskeli tunazozipanda, na khasa sehemu moja ya baiskeli ambayo mnunuzi huiangalia mwisho, ikiwa ataiangalia kabisa, nayo ni usukani. Siku hizi hapa Pemba, kama ilivyo kwa ndugu zetu wa Unguja, baiskeli za mitumba zinazoshushwa kutoka kwenye makontena zimewafikia watu wa kila rika, na nyingi kati ya hizo zina usukani wa mashindano uliopinda kwenda chini, au ule ulionyooka wa baiskeli za milimani. Ni baiskeli nyepesi, zina gia, na kwa vilima vyetu hivi vinavyofuatana gia si anasa. Lakini mwenye miwani akishaipanda wiki mbili tatu huanza kulalamikia shingo, kisha macho, na mwisho huiegesha ukutani akisema kwamba umri umemfika au kwamba miwani na baiskeli havipatani. Mimi naona kwamba mara nyingi kosa si la umri wala la miwani, bali ni la usukani ambao haukuchaguliwa kwa kufuata macho ya anayeushika.

Kioo cha miwani kina kitovu chake, yaani nukta ambayo mwanga huipita bila ya kupindwa, na mpimaji wa macho hukipanga kitovu hicho kwa kumtazama mteja akiwa amekaa kitini, kichwa kimesimama, macho yakielekea mbele. Hiyo ndiyo hali ambayo miwani imetengenezewa. Ukipanda baiskeli yenye usukani wa chini, kiwiliwili kinalala mbele, uso unaelekea ardhini, na ili uione njia huna budi kuyapandisha macho hadi yafikie ukingo wa juu wa kioo, pale pale inapopita fremu. Asiyevaa miwani huyapandisha macho yake na mambo yakaisha. Mvaa miwani hawezi, kwa sababu juu ya fremu hapana kioo, na bila ya kioo gari linalomjia ni ukungu wenye rangi. Kwa hiyo huinua kichwa kizima ilhali mgongo umelala, na shingo inabaki imekunjwa kwa nyuma muda wote wa safari. Maumivu yanayokaa baina ya kisogo na mabega, ambayo wengi wetu tunayachua kwa mafuta ya nazi usiku, aghalabu yanatokea hapo.

Hata akibahatika kutazama kupitia ukingo huo, anachokiona hakipo pale anapokiona. Kadiri jicho linavyokiacha kitovu ndivyo kioo kinavyozidi kuipinda miale ya mwanga, na hesabu yake si ngumu: chukua namba ya miwani, izidishe kwa sentimita ambazo jicho limetoka kitovuni, na jibu ndilo idadi ya sentimita ambazo kitu huonekana kuhama kwa kila mita moja ya umbali. Mwenye miwani ya kutoa tano (-5, ya wasioona mbali) anayetazama kupitia sehemu iliyo sentimita moja juu ya kitovu ataliona shimo lililo mita nne mbele yake likiwa limesogea kiasi cha sentimita 20. Kwa mwenye namba moja au moja na nusu jambo hili ni dogo na ubongo hulizoea. Kwa mwenye namba kubwa si dogo, na anayepata taabu zaidi ni yule ambaye jicho la kulia na la kushoto yana namba zinazopishana sana, kwa sababu kila kioo humhamishia njia kwa kiasi chake, na picha mbili zikaanza kugombana mbele ya tairi.

Kisha kuna jasho. Uso ukielekea chini, miwani huteleza puani kwa uzito wake wenyewe, na matone ya jasho la paji la uso hudondokea ndani ya kioo badala ya kupita pembeni mwa mashavu. Kwa sisi tusioona mbali miwani inapoteleza kuna hasara ya pili, kwa kuwa kioo cha kutoa hupungua nguvu kinaposogea mbali na jicho. Mtu hujikuta anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili unarudisha miwani juu kwa kidole, na hilo likitokea kwenye mteremko wenye kokoto mbichi linaweza kumtia mtu mtaroni.

Najua kuna wasomaji vijana watakaosema kwamba wapo mabingwa waliovaa miwani na kuushika usukani uliopinda bila ya kulalamika, na wanasema kweli. Jan Janssen wa Uholanzi alishinda mashindano ya Tour de France mwaka 1968 akiwa na miwani usoni. Laurent Fignon wa Ufaransa, ambaye kwa miwani yake ya duara walimbandika jina la Profesa, alishinda mwaka 1983 na 1984. Na huyu Fignon ndiye aliyepoteza ushindi wa mwaka 1989 kwa sekunde nane tu mbele ya Greg LeMond wa Marekani, katika siku ya mwisho ya mbio za kupima muda kutoka Versailles hadi Paris, siku ambayo LeMond alifunga kwenye baiskeli yake usukani wa nyongeza unaomwezesha mpandaji kuegemea viwiko na kunyoosha mikono mbele ili akate upepo. Kwa hiyo sibishani na anayesema kuwa usukani wa chini una faida. Kwa kweli mwaka ule wapo waliosema kwamba usukani ndio ulioamua mshindi. Ninachosema ni kwamba wale walikuwa vijana wenye shingo za mazoezi ya kila siku, waliopita katika barabara zilizofungwa kwa ajili yao, pasipo ng'ombe aliyekata kamba wala mtoto wa skuli anayevuka bila ya kutazama. Mtu wa makamo anayetoka Konde kwenda Wete na polo la mchele kwenye keria anahitaji kuona kwanza, upepo baadaye.

Sasa nije kwa wale ambao tatizo lao ni gumu zaidi, nao ni wenye miwani ya sehemu mbili, ya kutazamia mbali kwa juu na ya kusomea kwa chini. Tulio na zaidi ya miaka arubaini tunaijua. Hawa, wakiushika usukani wa chini, hutaabishwa na ukingo wa juu kama nilivyokwisha kueleza. Lakini wakihamia kwenye usukani mrefu uliorudi nyuma, wakakaa wima kama bibi arusi kitini, hawajasalimika bado, kwa sababu wanapoinamisha macho kuangalia kilicho mbele kidogo ya tairi, macho hupita kwenye kile kipande cha kusomea. Kipande hicho kimetengenezwa kwa kitabu kilicho umbali wa kiasi cha sentimita 40. Ardhi iko zaidi ya mita moja na nusu kutoka machoni. Matokeo yake ni kwamba jiwe huonekana ni kivuli, na kwenye mstari unaotenganisha sehemu mbili za kioo ukingo wa lami huonekana umeruka. Wapo waliokwenda kwenye usukani wa wima kwa kufuata ushauri mzuri, wakaanguka kwa sababu ya kioo, kisha wakaulaumu ushauri.

Kwa mtu wa namna hii naona yapo mambo mawili tu ya kufanya. La kwanza, na ndilo bora, ni kuwa na miwani nyengine ya kutazamia mbali peke yake, ivaliwe barabarani, na ile ya sehemu mbili ibaki mfukoni hadi afike kazini. La pili, kwa asiyeweza kugharamia miwani mbili, ni kumwomba mtengenezaji kipande cha kusomea kishushwe chini kidogo kuliko kawaida, na usukani nao upandishwe hadi ulingane na kiti au ukizidi kwa upana wa vidole vichache tu, ili mwili uelekee mbele kwa wastani, wala usilale wala usisimame kama mlingoti. Katika mkao huo macho hukipata kitovu bila ya shingo kukunjwa, na ili kuliona tairi inatosha kuinamisha kichwa kidogo badala ya kuteremsha macho peke yake.

Usukani wa wima una aibu zake pia, na sipendi kuzificha. Msimu wa kusi ukikaza, mwenye kukaa wima hupokea upepo kifua kizima, na safari ya kutoka Wete hadi Chake Chake, ambayo ni kiasi cha kilomita 30, humchosha zaidi kuliko mwenzake aliyejikunja. Katika kupanda kilima, uzito ukiwa umekaa nyuma na keria imebeba mzigo, gurudumu la mbele huwa jepesi na huyumba. Mvua nayo hupiga kioo moja kwa moja. Kwa mvua dawa ni chepeo chenye ukingo wa mbele, lakini zingatia kwamba chepeo hichohicho ukikivaa kwenye baiskeli ya mashindano, ukingo wake hushuka na kukuzibia njia juu ya fremu, ukawa umejifunika mara mbili. Kofia ya kiua haina ukingo, kwa hiyo haizibi wala haikingi.

Ndiyo maana kila nikizitazama zile baiskeli nyeusi za wazee wetu, Raleigh za Uingereza, kisha Phoenix za China na Hero za India, nawaona waliozitengeneza kuwa watu wenye akili. Usukani wake umepanda juu ya kiti, umepanuka, kisha mikono yake imerudi nyuma kumfuata mpandaji, na kwa kule kurudi nyuma peke yake mgongo hunyooka hata bila ya kuongeza urefu. Mzee mwenye miwani minene alikuwa anakwenda nayo shamba, anaona mikarafuu yake kwa mbali, na anawajibu watu salamu kwa kuwatambua kwa sura zao. Leo usukani kama huo ukitolewa kwenye baiskeli mbovu unauzwa kwa kilo pamoja na chuma chakavu, na huo nauhesabu kuwa ufujaji.

Habari njema ni kwamba si lazima ubadilishe usukani wote. Mara nyingi inatosha kuupandisha. Hapa mtaani kwetu yupo fundi anayefanya kazi chini ya mwembe, na nilisimama kumtazama akiishughulikia baiskeli ya jirani yangu mwenye miwani. Alilegeza boliti ya juu ya shingo ya usukani, yaani kile chuma kinachouunganisha usukani na baiskeli, kwa mizunguko kadhaa, hakuitoa, akaweka kipande cha ubao juu ya kichwa cha boliti na kukipiga nyundo pigo moja. Boliti ikazama. Pigo hilo hukiachisha kile kipande cha chuma kilichokatwa mshazari kule chini, ambacho ndicho kinachobana shingo ndani ya bomba la uma unaoshika gurudumu la mbele. Wengi wanaojifanyia wenyewe hawalijui, hulegeza boliti mpaka mwisho kisha wakavuta kwa nguvu na kutukana. Akalibana gurudumu la mbele baina ya magoti, akauzungusha usukani kidogo kulia na kushoto huku akiuvuta, na shingo ikatoka na kutu yake na mchanga wake. Akaifuta, akaipaka grisi, akairudisha ikiwa imepanda kiasi cha upana wa vidole vitatu. Kabla ya kukaza alimwonesha jirani mstari mdogo uliochongwa kwenye shingo, akamwambia, “Huu, mzee wangu, usiuone nje hata siku moja.” Ni alama ya mwisho wa kupandishia, na ikitokeza nje ya bomba maana yake chuma kilichobaki ndani hakitoshi, na shingo inaweza kuchomoka au kukatika. Mwisho akaupindua usukani hadi mwisho wa kulia, kisha wa kushoto, aone kama waya za breki zinavutika. Ya mbele ilivutika, akaibadilisha kwa waya mrefu zaidi, na gharama yote haikufika hata robo ya bei ya miwani.

Baiskeli mpya zaidi hazina shingo ya namna hiyo. Shingo yake hushika bomba kwa nje, na bomba likishakatwa kiwandani halirefuki. Kwa hizo hununuliwa shingo yenye kuelekea juu, au usukani ambao ncha zake zimepanda juu kuliko katikati yake, kama ule wa baadhi ya baiskeli za milimani, na huu wa pili hufungwa bila ya usumbufu kwa sababu mikono ya breki na ya gia huhamia juu yake kama ilivyo. Tofauti na hapo, anayetaka kuutoa usukani wa mashindano na kuweka ulionyooka au uliorudi nyuma aelewe mapema kwamba anaingia katika gharama. Bomba la usukani wa mashindano lina unene wa milimita 23.8 mahali pa kushikia, la aina nyengine lina milimita 22.2, na kwa hivyo mikono ya breki ya huku haikai kule. Hata ikilazimishwa kukaa, baadhi ya breki huhitaji waya uvutwe sana na nyengine kidogo, ukachanganya ukapata breki isiyoshika au inayoshika kwa ghafla. Na kwenye zile baiskeli nyeusi zenye breki za vyuma badala ya waya, vyuma hivyo vimefungwa kwenye usukani wenyewe, hivyo ukiubadilisha umebadilisha breki pia. Fundi asiyeyataja haya kabla ya kupokea pesa si fundi wa kumwachia baiskeli.

Kwa anayekwenda kununua, upo mtihani ambao hauhitaji chombo chochote. Avae miwani yake ya kila siku, apande baiskeli huku mwenzake ameishika, aweke mikono pale atakapoiweka barabarani, si pale inapompendeza muuzaji. Mtu mwengine asimame mbele yake umbali wa hatua ishirini hivi. Bila ya kuinua kichwa wala kukaza shingo, amtazame. Ikiwa fremu inamkata mtu yule kifuani, au anaonekana nusu safi na nusu ukungu, usukani uko chini mno. Ikiwa anaonekana mzima, ateremshe macho hadi ardhi iliyo mbele kidogo ya tairi, na ikiwa hapo mchanga na kokoto havitengani basi tatizo lipo kwenye kioo, na baiskeli haina kosa. Kina mama na wasichana wanaovaa mtandio wafanye mtihani huu wakiwa wameuvaa, kwa sababu mtandio uliokazwa juu ya mikono ya miwani huizuia isiteleze, na hilo ni faida, lakini ukikazwa sana huinua miwani puani, na kitovu cha kioo kikahama kabla hata usukani haujaguswa.

Nimeandika haya yote kwa sababu maduka mawili niliyopita hivi karibuni, moja la miwani na moja la baiskeli, hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali lolote juu ya la mwenzake. Wapimaji wa macho hutuuliza kama tunasoma, kama tunashona, kama tunatumia kompyuta. Nawaomba waongeze kuuliza kama tunapanda baiskeli na ya aina gani, ili kitovu na kipande cha kusomea vipangwe kwa kujua hilo. Wauzaji wa baiskeli nawaomba wamruhusu mteja apande kabla ya kulipa, badala ya kumwambia atazoea. Shingo ya kijana huenda ikazoea, lakini si ya mzee. Na mafundi wetu wa Wete, Chake na Mkoani, wakipata usukani wa zamani uliorudi nyuma na haujaliwa na kutu, wautundike ukutani na kuandika bei yake. Wanunuzi tupo.

Wako,
Msomaji mwenye miwani,
Wete, Pemba.